Mbeba Jeneza wa Sita: Maisha ya Bi. Verlene Odom Tarpley, 1949–2014

Kwiii. Ndivyo ulivyolia mlango mdogo wa mbao katika chumba cha mahakama cha Kaunti ya Lassiter, Alabama, ule wa kufika kiunoni, unaowatenga mawakili na watu waliokuja kutazama. Marehemu aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, ameketi juu kabisa kwenye mabenchi ya watu weusi, mkono wake umebanwa ndani ya mkono wa mama yake. Kila aliyepita pale, mlango ulilia, na aliyekwisha kupita aliruhusiwa kusema. Waliobaki nyuma ya mlango walinyamaza. Mpaka uzeeni aliweza kuuiga mlio ule kwa ulimi na meno, na watoto wa Kanisa la Shiloh Mpya walimwomba auige tena na tena, wakicheka, bila kujua ni mlango gani.

Verlene Ozella Odom alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba vitatu kwenye Barabara ya Old Ferry, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Hosea Odom, mkata mbao, na Arzella Odom, aliyefua nguo za watu na baadaye kuwa mpishi wa shule. Kaka yake mkubwa aliitwa Clovis, wa pili Lonzo. Siku ile mkunga alimpa Lonzo, mwenye miaka sita, amshike mtoto kidogo wakati yeye anamhudumia mama. Alipotaka kumchukua, Lonzo alikataa. "Huyu ni wangu," alisema. "Nyie tafuteni mwingine."

Mwezi Septemba 1959 Clovis aliokotwa kando ya reli akiwa amekufa, na miaka kumi na tisa tu. Watu wote wa Old Ferry waliwajua kwa majina wanaume wawili waliomchukua dukani jioni ile. Mwendesha mashtaka wa wakati huo aliandika neno moja, "ajali", na faili likafungwa. Mama Arzella alikwenda ofisini kwake Jumatatu kumi na moja mfululizo, akiwa amevaa gauni lake la kanisani, na Jumatatu zote kumi na moja aliambiwa bwana mkubwa ametoka.

Mwaka 1961 ikawa zamu ya Lonzo. Alishtakiwa kuvunja ghala la pamba. Wakili aliyepewa na mahakama alikutana naye kwenye ngazi, akamuuliza jina lake linaandikwaje, kisha wakaingia. Kesi haikufika dakika kumi. Mlango mdogo ulilia alipoingizwa, ukalia alipotolewa, na kati ya milio hiyo miwili Lonzo alipewa miaka tisa. Hosea Odom hakuishi kumwona akitoka.

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na kijana aliyeuawa bila mtu wa kumshtakia, na kijana aliyefungwa bila mtu wa kumtetea. Mezani palikuwa na viti viwili vitupu, na marehemu alifanyia kazi zake za shule katikati ya viti hivyo.

Alisoma shule ya watoto weusi ya Lassiter na kumaliza wa kwanza katika darasa lake mwaka 1967. Aliendelea Chuo cha Tuskegee, akahitimu mwaka 1971, akafundisha historia miaka mitatu, kisha akaenda Washington kusomea sheria kuanzia 1974 hadi 1977. Mama Arzella alimpelekea keki za karanga za pekani kwa basi, zimefungwa kwenye taulo, na dereva mmoja aliyezoea mzigo ule aliandika juu yake kwa kalamu: "Imepungua kipande. Nimeshindwa kuvumilia. Nisamehe." Marehemu aliitunza karatasi hiyo. Alisema ndiyo hati pekee ya kukiri kosa aliyowahi kuona ambayo haikuandikwa na mtu mwingine.

Mwezi Aprili 1978, baada ya kufaulu mtihani wa uwakili, alipata barua mbili katika wiki moja. Ya kwanza ilitoka ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti, ambayo ilikuwa haijawahi kuajiri mwanamke wala mtu mweusi. Ya pili ilitoka kwa mawakili watatu waliokuwa wakiwatetea watu wasio na uwezo, ghorofa moja juu ya duka la viatu. Aliziweka zote mbili mezani jikoni kwa mama yake. Mama alikuwa anamenya kunde. Lonzo, aliyekuwa ametoka gerezani miaka minane nyuma, alikuwa anakula kambare wa kukaanga kwa mkono.

"Haya, soma tena hiyo ya kwanza," Lonzo alisema. "Polepole. Nataka kusikia serikali inavyonong'ona mapenzi."

"Lonzo, acha kumchokoza mwenzio."

"Simchokozi, Mama. Nauliza tu. Dada, utavaa koti la bluu kama yule aliyenifunga? Utakaa meza ile ile?"

Aliijua meza aliyoitaja, na marehemu pia aliijua. Katika chumba kile, meza iliyo karibu na baraza la waamuzi kumi na wawili ni ya serikali. Meza ya mbali, iliyo karibu na mlango wa mahabusu, ni ya utetezi. Hakuna sheria iliyoandikwa hivyo, lakini hakuna aliyewahi kukaa vingine.

"Wakili wa utetezi anapokea kilichokwisha kuamuliwa," marehemu alisema. "Anayeamua nani ashtakiwe na kwa kosa gani ni yule wa meza nyingine. Angekuwepo mtu mmoja tu mwenye moyo ofisini mle, wewe usingefungwa, kaka."

"Na angekuwepo mtu mmoja tu mwenye mdomo upande wangu, nisingefungwa vilevile."

Hapo mama aliacha kumenya. Alisema, bila kumtazama yeyote, "Lonzo, wewe upo hapa unakula samaki. Clovis yuko wapi?"

Marehemu aliikunja barua ya pili na kuirudisha ndani ya bahasha yake. Tangu siku hiyo Lonzo alimwita dada yake Bi. Serikali, kwanza kwa uchungu, baadaye kwa mazoea, na mwishoni kwa upendo ambao wengine wasingeuelewa.

Alifanya kazi meza ya serikali kwa miaka kumi na minane. Alikuwa mkali kwa wanaopiga wake zao na matapeli wanaouza dhamana za uongo, na aliwaachia kabla ya kesi vijana wengi walioletwa kwa makosa ya njaa. Wapo leo humu kanisani, na wanajijua. Mama Arzella alihudhuria kila kesi ya mauaji aliyoisimamia, na siku hizo hakukaa juu tena, alikaa benchi la mbele, na begi lake mapajani.

Ndoa yake ilianzia mahakamani pia. Mwaka 1979 Bw. Ellis Tarpley, mgawa barua, aliitwa kwa ajili ya baraza la waamuzi, na marehemu akatumia haki yake ya kumwondoa mtu kwenye orodha bila kueleza sababu. Kesho yake Ellis alileta barua za ofisi na kusimama mlangoni mpaka wote wakamtazama.

"Mama wakili, nimelala nikifikiria. Nina kosa gani?"

"Unatabasamu mno, Bw. Tarpley. Ungemwachia mtu yeyote."

"Basi nikuoe mimi, uone kama nitamwachia mtu."

Ofisi nzima ilipiga meza kwa kucheka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Juni 1980 katika kanisa hili hili. Hawakujaliwa mtoto. Ellis alimtangulia mwaka 2011, na mpaka mwisho alimkumbusha kwamba yeye ndiye mwanamume pekee aliyefukuzwa mahakamani akarudi na mke.

Sasa inabidi tuseme habari ya Bw. Isom Gaither, kwa sababu marehemu aliagiza kwa maandishi kwamba wasifu wake usisomwe bila habari hiyo.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1983, saa nane na robo mchana, Bw. Purvis Eakin alipigwa risasi na kuuawa ndani ya duka lake kwenye njia panda ya Lassiter. Mteja mmoja aliyekuwa nje alionyeshwa picha, akagusa picha ya Isom Gaither, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka upande wa Mlima Nebo, maili arobaini kutoka pale. Faili lilimfikia marehemu. Siku ya kwanza alipokutana na mjane wa Bw. Eakin, mama huyo alikuwa amevaa gauni la kanisani siku ya Jumatatu. Marehemu aliwahi kusema kwamba hakuwaza tena baada ya hapo.

Katika kaunti hii kesi nyingi haziendi hadi mwisho. Serikali humpa mshtakiwa nafasi: akiri, apate adhabu pungufu, akikataa, asubiri kubwa. Marehemu alimpa Isom kifungo cha maisha, chenye haki ya kuomba kuachiliwa baada ya miaka mingi. Akikataa, angeomba kiti cha umeme. Nafasi hiyo ilikuwa na mwisho wake, Alhamisi saa sita mchana, kwa kuwa Jumatatu waamuzi wangeitwa. Wakili aliyepewa Isom alikuwa na kesi tisini na alionana naye kwa dakika ishirini. Isom alimwambia, "Mimi siku hiyo nilikuwa mazishini." Wakili akamjibu, "Kila mtu wa kwenu huwa mazishini."

Marehemu hakumuuliza Isom alikuwa wapi. Haikuwa kazi yake. Hilo lilikuwa swali la meza ile nyingine.

Alhamisi tarehe 12 Januari 1984, saa tano na nusu, Isom alisimama mbele ya jaji ili akiri. Jaji husoma maswali yale yale kwa kila anayekiri, na majibu yanajulikana, kama vile maharusi wanavyojua majibu yao. Unasoma na kuandika? Ndiyo. Umeongea na wakili wako? Ndiyo. Alipofika swali la tano akasoma bila kuinua macho, "Je, kuna mtu yeyote aliyekutisha au kukulazimisha ili ukiri?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Isom alisema.

Jaji aliinua macho. "Nani?"

"Hawa. Wamesema nikikataa nitauawa."

Watu walicheka. Hata askari wa mlangoni alicheka. Jaji alimwambia karani wa kumbukumbu asimamishe mashine yake, akawaambia mawakili, "Mwelekezeni kijana, tuanze upya." Wakili wake alikuwa anatafuta karatasi za kesi iliyofuata. Aliyekuwa karibu na Isom ni marehemu. Alimwinamia, akamwambia kwa upole kabisa, kama mwalimu anavyomsaidia mtoto aliyesahau shairi jukwaani, "Sema hapana."

Karani aliwasha mashine. Jaji akauliza tena. Isom akasema hapana.

Jumatatu iliyofuata marehemu aliwapita koridoni wazee wawili waliovaa suti nyeusi, kofia mikononi, wameketi chini ya ubao wa orodha ya kesi. Alidhani wamekuja kwa shauri la shamba. Akawasalimia, wakamsalimia.

Tarehe 3 Machi 1996 Mama Arzella alifariki. Jumanne baada ya mazishi, marehemu na Lonzo walikaa kitandani kwa mama yao na kufungua boksi la kofia alimotunzia vijitabu vya mazishi. Kila nyumba ya kwetu ina boksi kama hilo, lakini la Mama Arzella lilikuwa limejaa mpaka kifuniko kimefungwa kwa utepe.

"Mtazame huyu," Lonzo alisema, akiinua kimoja. "Wamemwandika baba mwema. Baba mwema! Alikuwa na wake watatu na hata mmoja hakumlisha."

"Nyamaza, Lonzo, amekufa."

"Ndiyo maana namsema sasa, hawezi kunidai kile kiti cha kinyozi alichoniuzia kwa mkopo." Akachukua kingine. "Shemasi Tobe Maddox, Mlima Nebo. Huyu namkumbuka. Mama alinilazimisha nimwendeshe mpaka huko, jua kali, Oktoba kama Julai. Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Mtu wa sita kwenye jeneza alikuwa kijana mwembamba kama fimbo, nikasema huyu atakatika kabla ya kaburi. Mama akanifinya."

Marehemu alikipokea ili naye acheke. Juu ya kijitabu iliandikwa: Jumamosi, 8 Oktoba 1983, saa nane mchana. Alikigeuza ukurasa wa nyuma, penye majina ya wabeba jeneza. Majina yalikuwa sita. La sita lilikuwa Isom Gaither.

"Bi. Serikali," Lonzo alisema. "Bi. Serikali, vipi? Verlene?"

Alikuwa amekaa na mlio ule mdomoni, wa mlango mdogo, lakini hautoki.

Aliacha kazi Ijumaa ya wiki hiyo. Alichukua mafaili yake binafsi kwenye kikapu cha kufulia nguo, akapanda ngazi zilizo juu ya duka la viatu, akamkuta mmoja wa wale mawakili watatu, sasa mzee, na kumwambia kwamba anakubali ile barua ya mwaka 1978. "Umechelewa kujibu," mzee alimwambia, akamsogezea kiti.

Miaka kumi na minane iliyobaki ya maisha yake aliitumia meza ya mbali. Aliwatetea wengi, na alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, kama ilivyo kawaida ya meza ile. Lakini aliyemhamisha meza alikuwa mtu mmoja.

Aliwatafuta wabeba jeneza wengine watano. Watatu walikuwa wamekufa, mmoja hakumjua tena hata mkewe, na wa tano alikumbuka jeneza lakini si walioshika. Wawili kati ya waliokufa ndio waliokuja mahakamani ile Jumatatu na suti zao kusema Isom alikuwa nao, wakaambiwa kesi iliisha Alhamisi. Wajane wao ndio waliomweleza. Lonzo alikuwa tayari kuapa. Lakini Lonzo alikuwa mfungwa wa zamani, na ndugu wa wakili aliyeandika ombi.

Shauri la kuomba hukumu ya Isom ifutwe lilisikilizwa Jumanne tarehe 9 Juni 1998. Siku hiyo marehemu hakukaa meza yoyote. Alipita mlango mdogo, ukalia, akaketi kwenye kiti cha shahidi na kuapa. Alisimulia alichomnong'oneza Isom. Upande wa serikali alisimama Bw. Dexter Pruitt, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

"Bi. Tarpley," alisema, na alisema kwa heshima, "vijitabu hivi huchapwa lini?"

"Alhamisi, kwa kawaida. Au Ijumaa."

"Na mazishi ni Jumamosi. Kwa hiyo jina likichapwa linaonyesha mtu alitarajiwa. Halionyeshi alikuwepo."

"Ndugu yangu alimwona."

"Ndugu yako alimwona kijana mwembamba. Tuje kwenye kumbukumbu za mahakama. Umezisoma?"

"Mara nyingi."

"Mshtakiwa anaulizwa kama ametishwa. Jibu lake ni lipi?"

"Hapana."

"Neno ndiyo limo popote kabla ya hapo?"

"Halimo. Mashine ilisimamishwa."

"Nani alinifundisha, Bi. Tarpley, kwamba kumbukumbu ya wakili haiwezi kushinda kumbukumbu ya mahakama?"

"Mimi," alisema.

Ombi lilikataliwa. Rufaa ilikataliwa mwaka 2000, na nyingine mwaka 2003. Kila jibu lilinukuu mstari ule ule, kwamba mshtakiwa aliulizwa waziwazi na akajibu hapana.

Alimtembelea Isom kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, maili tisini kwenda na tisini kurudi, na Ellis akiwa hai ndiye aliyeendesha. Isom hakuwahi kumtukana. Siku ya kwanza, alipomweleza kila kitu akilia, Isom alitazama askari, kisha akamwambia, "Mama, futa machozi, humu watadhani nimekuuliza swali." Waliongea juu ya magoti yake, juu ya chakula, juu ya bibi yake aliyekufa na ambaye hakuruhusiwa kumbeba. "Nilimbeba Shemasi Maddox," alisema. "Mzee mzito yule. Bega hili bado linamkumbuka. Lakini bega haliapi."

Kila miaka michache bodi inayoachilia wafungwa ilimwita. Bodi humuuliza mtu kama anajutia alichofanya, na asiyekiri huhesabiwa hana majuto. Mara ya nne, mwaka 2009, marehemu alimsihi. "Waambie unajuta, Isom. Ni maneno tu. Utoke, ukae barazani, ule kunde."

"Uliwahi kuniambia cha kusema mara moja," Isom alijibu.

Hakumwomba tena. Isom alikataliwa mara hiyo, na mara ya tano mwaka 2013. Njiani kurudi kutoka gerezani siku hiyo marehemu hakuiwasha redio, na hakuna aliyemsikia akiuiga mlango tena.

Alianza kuugua figo mwaka 2010. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kwenye kiti kile cha hospitali aliendelea kuandika maombi kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na mpira. Mwezi Januari mwaka huu madaktari walisema moyo umechoka. Alirudishwa nyumbani Old Ferry, chumba cha mama yake, na binti wa Lonzo, Octavia, akaacha masomo yake ya sheria kwa muda ili amwangalie. Octavia anamaliza mwezi Mei. Yeye pia ana barua mbili mezani, kutoka meza zile zile mbili.

"Shangazi," alimuuliza siku moja akimlisha uji wa mahindi, "niende wapi?"

"Baba yako anasemaje?"

"Anasema tayari ana Bi. Serikali mmoja, hana nguvu ya wa pili."

Marehemu alicheka kidogo, akakohoa, akageuza uso ukutani. Hakujibu, siku ile wala siku zilizofuata. Octavia bado anazo barua zote mbili.

Alifariki Jumapili tarehe 16 Februari 2014, saa nne asubuhi, wakati kengele ya Shiloh Mpya inapigwa, akiwa na miaka sitini na minne na miezi kumi na moja.

Alitanguliwa na wazazi wake, Hosea na Arzella Odom, kaka yake Clovis, na mume wake, Ellis Tarpley. Ameacha kaka yake, Lonzo Odom, wa Old Ferry, binti wa kaka yake, Octavia Odom, anayesoma wasifu huu, ndugu na marafiki wa Shiloh Mpya, na Bw. Isom Gaither, mwenye umri wa miaka hamsini, thelathini kati yake akiwa gerezani, ambaye aliomba ruhusa ya kuja leo na hakupewa.

Mkigeuza ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki mtaona majina sita ya wabeba jeneza. Jina la sita ni la Isom Gaither. Si kosa la mchapaji. Marehemu ndiye aliyeandika orodha hiyo, akijua hatakuwepo, na akiyakumbuka yale ya mwaka 1998, kwamba jina lililochapwa halionyeshi mtu alikuwepo. Leo ndivyo lilivyo. Tunawaomba vijana watano watakaobeba wasimpishe mtu mwingine mahali pale, upande wa kushoto, miguuni. Jeneza litainama kidogo. Liacheni liiname.

Mwenyezi Mungu ampe usingizi ambao hakuupata tangu lile boksi la kofia lifunguliwe, na ampokee mbele ya Jaji asiyesimamisha mashine.

Asubuhi ile ya mwisho Octavia aliona midomo yake inatikisika, akadhani hatimaye anajibiwa kuhusu barua zake. Aliinama mpaka sikio likagusa shavu. Macho ya shangazi yake yalikuwa wazi, lakini yalimtazama mtu mwingine, aliyesimama karibu naye, mwembamba, mwenye miaka kumi na tisa.

"Jaji anakuuliza, Isom," alinong'ona. "Sema ndiyo."